Shaweji na Mtu wa Nyuzi

Tangu dunia iumbwe hajazaliwa kijana asiye na wivu kama Shaweji Kibwana, na asiyeamini amuulize Shaweji mwenyewe. Alilisema hilo kwa kinyozi. Alilisema kwenye harusi ya dada yake, kwa kipaza sauti, huku bwana harusi akisubiri zamu yake ya kuongea. Na siku alipofika kwenye lango la nchi ya Ufumani alilisema tena, mbele ya ofisa ambaye hakuwa amemuuliza kitu zaidi ya jina.

"Naitwa Shaweji Kibwana, na mambo ya wivu mimi sina. Mwanamume mwenye wivu hajiamini. Mimi wivu niliuacha siku nilipoachishwa ziwa."

Kando yake alisimama mchumba wake, Sikudhani, ameinua macho juu kama fundi anayekagua paa. Aliyeitwa Ufumani ni yeye, aende kujifunza kufuma na kukarabati mazulia ya kale. Shaweji alikuja kumbebea begi. Begi lenyewe lilikuwa la kuning'inizwa kwenye kidole, ila Shaweji alikuwa amesikia kwamba huko Ufumani kuna wanaume.

Jinsi walivyofika si hadithi. Njia ilikuwa njia na miguu ilikuwa miguu. La maana ni walichokubaliana kabla ya kuondoka. Sikudhani alimweka kitako mwenzake akamwambia kwamba amemvumilia kwa fundi baiskeli, amemvumilia kwa mwalimu wa cherehani, amemvumilia hata kwa mjomba wake mwenyewe, mtu mzima, aliyemkumbatia msibani kumpa pole.

"Safari hii ukiniletea wivu wako, Shaweji, uchumba umekwisha. Sitanuna, sitaita wazee. Nitakwambia tu umekwisha."

Shaweji aliapa kwa majina ya marehemu wote wa ukoo wake, na mmoja ambaye alikuwa bado hai.

Basi pale langoni ofisa aliweka mhuri wake mezani taratibu. Aliitwa Bwana Tarizi, mtu wa makamo mwenye masharubu marefu yaliyochorwa kwa masizi, upande mmoja umeanza kufutika kwa jasho.

"Bwana mdogo, umesema huna wivu?"

"Hata wa dawa."

"Hata wa kuwaonea wenzetu?"

"Wenzetu wapi?"

Bwana Tarizi alimtazama kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza jua ni nini. Kisha akaeleza, na kwa faida ya msomaji ambaye naye hajafika huko, maelezo yake yalikuwa haya. Ufumani kuna mazulia ya kale ya kutundika ukutani, makubwa kama matanga. Yalifumwa Ufaransa zamani hizo, na watu waliokuwa wakiiwazia Uchina, ambako hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutia mguu. Baada ya kuuzwa, kuibwa na kurithiwa, yaliangukia Ufumani, ambako hakuna aliyewahi kufika hata hiyo Ufaransa. Nchi inayoonekana mle ndani, yenye maziwa, minara na watu wembamba wenye miavuli, Wafumani wanaiita Kwa Wenzetu. Na sheria yao ya kwanza, iliyotangulia hata ile ya kukataza kuua, inasema kila raia awaonee wivu wenzetu na wivu wake uonekane.

"Usipoona wivu," alisema Bwana Tarizi, "utaendeleaje?"

"Mimi naendelea tu," alisema Shaweji.

Jibu hilo lilibadilisha maisha yake. Ufumani walikuwa na shida moja ambayo sheria zao zote zilishindwa kuitatua. Mtu mwenye wivu hawezi kuachwa peke yake na zulia. Ama atalibusu, ama atalikwaruza. Kwa hiyo walinzi wa Ukumbi Mkuu walikaa wengi, kila mmoja akimlinda mwenzake, na ilipofika adhuhuri hakuna aliyekubali kumwacha mwingine aende kula. Walikuwa wamekonda. Na sasa Mwenyezi Mungu amewaletea kijana asiye na wivu hata wa dawa, amekuja kwa miguu yake mwenyewe.

Bwana Tarizi alimfunga Shaweji utepe mweupe mkononi, akamteua pale pale kuwa Mlinzi wa Adhuhuri.

"Mheshimiwa," alianza Sikudhani, "huyu mwenzangu..." Halafu akasita.

"Huyu nini, dada yangu?"

"Huyu ana mabega mapana. Atawafaa."

Nchi yenyewe ilimpa Shaweji vichekesho vya kutosha siku za mwanzo. Kila mtaa ulikuwa na daraja la upinde, jekundu, na chini yake hakuna mto wala mfereji wala hata dimbwi. Ukitaka kuvuka barabara unapanda daraja. Ukipita chini unakamatwa kwa kosa la kurudisha nchi nyuma. Mapaa yamekunjwa pembe kuelekea juu, na kwa kuwa aliyeyakunja alitazama picha tu, mvua ikinyesha maji yote yanateremka sebuleni. Watu hukaa humo wamelowa, wanaambiana kwamba kwa wenzetu hata kulowa kuna namna yake. Familia yenye hadhi hufuga tumbili, na saa ya chai tumbili ndiye anayemiminiwa kwanza, maana kwenye zulia kuna tumbili mwenye kikombe na mabwana wawili wamempigia magoti.

Kisha kulikuwa na suala la mkono.

Mlo wa kwanza walikaribishwa nyumbani kwa Bwana Tarizi. Pilau likaletwa kwenye sinia, limepambwa vizuri, linanukia. Shaweji alinawa, akasema bismillahi, akapeleka mkono wa kulia. Mama mwenye nyumba akawaziba watoto macho kwa upande wa kanga.

"Bwana mdogo," alinong'ona Bwana Tarizi, "kushoto. Wenzetu wote wanatumia kushoto. Kupepea kushoto, kuandika kushoto, kula kushoto. Nenda kaliangalie zulia."

"Na huu wa kulia mnaufanyia nini?"

"Huo una shughuli zake. Tusitaje tukiwa tunakula."

Shaweji akala kwa kushoto, anajisikia kama anaiba. Sikudhani alikula kidogo, akasema ameshiba.

Siku iliyofuata walipelekwa kwenye Baraza, ambalo Spika wake alikuwa Bi Zari, mama mnene mwenye mwavuli wa vishada aliokuwa haufungi hata akiwa ndani ya jengo. Baraza lilikuwa na vyama viwili. Chama cha Mawingu kiliamini kwamba kitu cheupe kinachoonekana kwenye zulia nyuma ya kilima ni wingu, na kwa miaka mingi kilikuwa kinafukizia vilima vyote vya nchi kwa moshi wa kuni mbichi. Chama cha Milima kilishikilia kwamba ule ni mlima wenye theluji, na kilitaka vilima vipakwe chokaa. Walirushiana maneno mpaka jasho likafuta masharubu ya wajumbe kadhaa. Hakuna aliyependekeza zulia likung'utwe vumbi.

Kisha ikaletwa kesi. Mshtakiwa alikuwa mzee mfupi mwenye koti la kawaida, aliyekuja na sanduku lake la vitana vya kuuza.

"Jina lako?" aliuliza Bi Zari.

"Shen."

"Unatoka wapi, mzee Shen?"

"Uchina."

"Yaani Kwa Wenzetu."

"Nyinyi ndio mnaopaita hivyo, mama."

"Na ulipofikishwa mbele ya zulia la nchi yako mwenyewe, ulisema nini?"

"Niliuliza hapa ni wapi."

Baraza zima likaguna. Bi Zari alisubiri mguno uishe, kwa sababu naye alikuwa anaguna.

"Kofia yako iko wapi?"

"Ilikuwa ya sufu, imepotea njiani."

"Wenzetu wana kofia. Tumbili wako?"

"Sijawahi kufuga."

"Kwenu kuna daraja?"

"Lipo moja la zege. Malori yanapita."

Mjumbe mmoja wa nyuma alianza kulia, akatolewa nje kwa heshima.

"Na chakula unakula kwa mkono gani?"

"Kwa vijiti."

"Mkono gani, mzee. Usituzungushe."

"Wa kulia," alisema Shen, na hapo kesi ikawa imekwisha.

Bi Zari alisoma hukumu akiwa amesimama chini ya mwavuli. Mtu huyu ama ni mwongo ama amesahau kwao, na vyovyote iwavyo haiwezekani aachwe azurure mitaani anakuwa mwenzetu kiholela. Atakaa kwenye mkeka mbele ya zulia kila siku mpaka akumbuke nchi yake inavyofanana. Alipoulizwa kama ana la kusema, Shen alisema alikuwa amesikia kuna picha ya kwao huku, na siku hizi alikuwa amekumbuka nyumbani. Hakuna aliyejua sheria inasema nini juu ya hilo, kwa hiyo wakampeleka mkekani.

Shaweji alicheka mpaka akashika ubavu. "Siku, umeona? Nchi nzima inakionea wivu kitambaa. Mtu mzima na akili zake anauonea wivu uzi."

"Nimeona," alisema Sikudhani. "Na wewe endelea kuona."

Zulia kubwa kuliko yote lilining'inia Ukumbi Mkuu. Rangi zake zilikuwa zimepauka. Bluu ya ziwa imekuwa ya kijivu, majani ya miti yamegeuka manjano. Katikati, chini ya mti ambao Mungu hakuuumba, alikaa kijana mmoja wa nyuzi. Alivaa kofia iliyofanana na kawa la kufunikia chakula, mkono wa kushoto ameshika pepeo, masharubu yake yameteremka mpaka kifuani kama mikia miwili ya panya, na mdomoni ana tabasamu la nusu, tabasamu la mtu anayejua jambo lako. Wanawake wa Ufumani walimwita Mpole. Waume zao walijichora masharubu kwa ajili yake, na mke ambaye mumewe amekataa kujichora alikuwa na haki ya kulalamika mbele ya kadhi.

Nondo walikuwa wamemla Mpole mkono na kifua. Kazi ya kwanza aliyopewa Sikudhani ilikuwa kumkarabati.

"Leo umefanya nini?" Shaweji alimuuliza alasiri moja, wamekaa barazani wanakunywa chai, baada ya tumbili wa mwenyeji kumaliza yake.

"Nimeshinda na yule bwana."

"Bwana yupi?"

"Mpole. Mkono wake ulikuwa umeharibika. Nimemshikashika mpaka umekaa sawa."

Shaweji alicheka. Alicheka kwa muda mrefu kuliko kichekesho chenyewe.

"Ana mkono wa namna gani?"

"Laini. Ni hariri."

"Hariri," alisema Shaweji. Alitazama mkono wake mwenyewe, kisha akauweka chini ya meza.

"Kesho naingia kifuani," alisema Sikudhani.

"Kifuani kwa nani?"

"Shaweji."

"Nimeuliza tu. Mtu hawezi kuuliza?"

Alasiri ya pili Sikudhani alikuwa na furaha isiyo ya kawaida, ametoka kazini na vipande vya nyuzi kwenye nywele, vya dhahabu. Shaweji aliviona kabla hajamwona yeye.

"Umechelewa," alisema.

"Kazi imenikolea. Halafu unajua jambo moja ninalompendea yule Mpole? Nikichelewa nikiwahi, hajawahi kuniuliza nilikuwa wapi."

Ulikuwa utani, na siku zote wao wawili waliishi kwa utani. Lakini Shaweji, ambaye angeweza kulijibu neno lolote kabla halijagusa ardhi, alikaa na hilo neno kinywani kama kokoto ya mchele.

"Halafu nimegundua kitu cha ajabu," aliendelea Sikudhani, amesogea karibu, macho yanang'aa. "Wale wafumaji wa zamani walikuwa wanakaa upande wa nyuma. Na sisi ni hivyo hivyo, tunaingia kwa mlango wa uani, tunakaa nyuma ya zulia kwenye mafundo. Kwa hiyo kila wanachofuma kinageuka, cha kulia kinatokea mbele kiko kushoto. Shaweji, hawa watu nchi nzima wanakula kwa kushoto kwa sababu ya upande wa kukaa fundi tu."

"Utamshonea ndevu pia, au ni masharubu peke yake?"

Sikudhani akarudi nyuma kidogo. "Nani?"

"Huyo wako."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Wanakaa. Sasa nimekuuliza ndevu."

Asubuhi iliyofuata Shaweji alitoka chumbani na masharubu. Aliyachora kwa masizi ya sufuria, moja limefika kidevuni na jingine limeishia shavuni. Sikudhani alimtazama, akameza mate, akatafuta neno la upole.

"Umelamba sufuria?"

"Ni joto la hapa. Linatoa weusi."

Kuanzia hapo adhuhuri zilimwendea vibaya. Walinzi walikwenda kula, mmoja baada ya mwingine wakimpungia mkono wa kushoto, wanamshukuru, wananenepa. Ukumbi ukabaki na watu watatu: Shaweji kwenye kiti chake cha heshima, mzee Shen kwenye mkeka wake wa adhabu, na Mpole.

Shaweji alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa ile ya nyuzi.

"Unacheka nini?" alimuuliza.

Mpole aliendelea na tabasamu lake la nusu.

"Una kazi wewe? Unalipa kodi ya nyumba? Umekaa chini ya mti mchana kutwa na pepeo, halafu unajiita mwanamume."

"Kijana," alisema Shen kutoka mkekani, "unaongea na uzi."

"Mzee, wewe kumbuka kwenu."

"Mimi nimehukumiwa kumtazama. Wewe nani kakuhukumu?"

Shaweji alirudi kitini, akakaa, akainuka tena. Nyumbani kwao aliwahi kumwonea wivu fundi baiskeli, lakini fundi baiskeli unaweza kumpelekea tairi lenye pancha ukamwambia maneno yako. Mwalimu wa cherehani alikuwa na mke, na mke unaweza kumdokeza. Mjomba ni mjomba. Huyu hakuwa na duka, hakuwa na mke, hakuwa na kwao. Hakuwa na kasoro hata moja ambayo Sikudhani hakuwa amekwisha kuishona kwa mkono wake. Na kila siku alizidi kupendeza. Mkono ulikuwa mpya, kifua kilikuwa kinarudi, rangi zake zinawaka katikati ya zulia lililochoka, kama mtu aliyepata mwanamke wa kumtunza.

Ndipo ikaja ile adhuhuri. Walinzi walikuwa wamekwenda. Shen alikuwa amesinzia, kichwa kimemwangukia begani. Shaweji alimkagua Mpole kama kawaida yake, kuanzia kofia kushuka chini, akafika kifuani upande wa moyo, akasimama. Palikuwa na kitu ambacho jana hakikuwepo. Uzi mwekundu, mwembamba, umeshonwa kwa mistari midogo midogo: vijiti, vikulabu, kitu kama nyoka. Maandishi. Si maandishi anayoyajua yeye, na shule alikwenda mpaka kidato cha nne.

Alimtikisa Shen. "Mzee. Mzee, amka. Hii ni lugha ya kwenu?"

Shen alijikokota, akatazama akiwa amekunja macho. "Hii si ya kwetu."

"Angalia vizuri. Imeandikwa nini?"

"Kijana, nimekwambia si ya kwetu. Hata sijui imeandikwa kichwa chini au namna gani."

"Wewe utajuaje? Baraza limekwishasema hujui ya kwenu."

Alilisema hilo bila kucheka. Yule aliyeshika ubavu siku ya kesi sasa alikuwa amekubaliana na hukumu neno kwa neno. Shen alimtazama muda kidogo, akarudi mkekani, akaufunika uso wake kwa koti.

Ya kwao au si ya kwao, Shaweji alikwisha kuyasoma. Yalisema wanayosema maandishi yote yanayoandikwa kifuani kwa mwanamume, upande wa moyo, kwa uzi mwekundu. Sikudhani amejifunza lugha ya huyu bwana. Wanaandikiana. Mbele ya nchi nzima, na mchumba amewekwa kiti hapo hapo awalindie.

Alitazama mlangoni. Akatoa ukucha.

Alikusudia yale maandishi tu. Alikwangua herufi ya kwanza, ikatoka. Ya pili ikatoka. Uzi mwekundu ulipokwisha ulikuwa umeshikana na wa dhahabu, akavuta wa dhahabu; wa dhahabu ulikuwa umeshikana na mweusi, na mweusi ulikuwa ni sharubu. Likaondoka sharubu la kushoto, lote, kwa mkupuo mmoja, na Shaweji akasikia raha ambayo hakuwahi kuisikia tangu afike Ufumani. Basi akavuta. Lilifuata la kulia. Ukafuata mdomo na lile tabasamu la nusu. Alivuta kwa mikono miwili, kulia na kushoto, nyuzi zinamrundikia miguuni, mpaka mahali palipokuwa na kifua na uso wa Mpole pakabaki tundu la ukubwa wa sahani, na ndani ya tundu giza.

Walinzi wakasikika ngazini, wamerudi na Bwana Tarizi, na Bi Zari mwenyewe na mwavuli wake.

Kilichofuata kwenye Ukumbi Mkuu hakikuwa kelele. Kilikuwa kimya cha watu waliofiwa. Walinzi walivua viatu. Bi Zari aliuteremsha mwavuli, na waliokuwepo wanasema hilo halikuwahi kuonekana.

"Nani?" aliuliza.

Shaweji alizipiga teke nyuzi zikaenda upande wa mkekani.

"Mheshimiwa, nilikuwa naangalia dirishani kidogo tu, kuhakikisha usalama. Nageuka nakuta mzee huyu yuko kwenye zulia na makucha yake. Nimemvuta, nimechelewa. Unajua tena, mtu akikasirikia kwao."

Shen alikuwa ameamka, amekaa, anatazama nyuzi zilizomfikia miguuni. Hakusema kitu. Alikwishaona kwamba katika nchi hii akisema anaongezewa.

"Sheria inataka shahidi," alisema Bi Zari.

"Shahidi ni mimi," alisema Shaweji, akainua mkono wenye utepe mweupe. "Mtu asiye na wivu. Mtapata wapi shahidi bora kuliko huyo?"

Bwana Tarizi alitikisa kichwa kukubali, machozi yanateremka na masizi. Walinzi wawili walimshika Shen makwapa.

"Shahidi yupo," ilisema sauti kutoka ndani ya zulia.

Ukumbi mzima ulianguka magoti. Miaka yote waliyowaonea wivu wenzetu, wenzetu hawakuwahi kusema neno. Shaweji peke yake ndiye aliyebaki amesimama, kwa sababu sauti hiyo aliijua.

Kwenye tundu, chini ya kofia ya kawa, mahali pa uso wa Mpole, palikuwa na uso wa Sikudhani. Alikuwa na sindano mdomoni. Akaitoa.

"Inukeni, tafadhali. Ni mimi fundi. Niko huku nyuma tangu asubuhi, nilibaki nimalizie kazi. Nimeona vidole vinaingia upande wangu kimoja kimoja, na vidole vya Shaweji navijua. Mzee mwachieni."

Walimwachia Shen, kwa kuwa amri ilitoka zuliani. Alipopita karibu na Shaweji alisema polepole, kama anayemrudishia mtu kitu alichoangusha, "Nilikwambia si ya kwetu."

"Siku," alisema Shaweji, "wewe ndiye uliyemwandikia maandishi. Mimi nimeona kwa macho yangu. Kifuani."

"Niliandika jina, ndiyo. Upande wangu, huku kwenye mafundo, ambako hakuna anayefika. Nilitaka niwe nalo mbele yangu nikiwa nafanya kazi. Kwa huko kwako lilitokea limegeuka, ndiyo maana hukuweza kulisoma."

"Kusoma nini?"

Bi Zari alikuwa ameinuka, anapangusa magoti, kwa kuwa kulikuwa na swali moja ambalo sheria ya Ufumani inamlazimu Spika aliulize kabla ya hukumu yoyote ya zulia, na lazima lijibiwe na shahidi.

"Mshtakiwa," alisema, "alikuwa anamwonea wivu nani?"

Shaweji aliteremsha macho kwenye nyuzi nyekundu zilizoviringana kwenye kidole chake.

"Alikuwa anamwonea wivu Shaweji Kibwana," Sikudhani alijibu kutoka kwenye tundu. "Mchumba wangu, mpaka adhuhuri ya leo."